Roketi ya maji: chupa ipi, maji kiasi gani, kizibo au bomba?

Kwa mwenye haraka: chukua chupa ya soda ya lita 1.5, tia maji theluthi moja, acha mdomo wake mzima bila kuupunguza upana, irushie kwenye bomba la plastiki lenye kifyatuo, jaza upepo hadi paundi 60 (kwa inchi ya mraba, kama geji ya pampu inavyosoma). Roketi ya namna hiyo, ikiwa na uzito wa gramu 100 hivi kabla ya kutiwa maji, inapanda mita 50 hivi. Kesho ukiirudia inapanda kimo kile kile. Hilo la kurudia ndilo linalonifanya niipendekeze, maana kupanda tu, hata kizibo cha raba kinaweza siku kikiamua.

Ila si kila mtu anatafuta kitu kimoja. Mzazi mwenye watoto wawili nyuma ya nyumba ana mahitaji yake, mwalimu wa fizikia mwenye wanafunzi 60 na kipindi kimoja ana yake, na vijana wa klabu ya sayansi wanaotaka kuwashinda wenzao wa shule jirani wana yao. Kwa hiyo nitaweka machaguo ubavu kwa ubavu, na pale nilipo na upande nitasema.

Upepo ndio wenye nguvu, maji ni mzigo

Nishati yote ya roketi hii imo kwenye upepo uliobanwa. Maji hayabanwi kwa pampu ya baiskeli, kwa hiyo hayaweki akiba yoyote. Kazi yake ni kuwa kitu kizito cha kutupwa nyuma. Upepo unayasukuma maji chini, maji yanaisukuma chupa juu. Ni sheria ya tatu ya Newton, ile ile ya darasani, na ardhi haihusiki kabisa. Mwanafunzi akikuambia maji yanagonga chini kisha yanairusha chupa, muulize mbona chupa inazidi kuongeza kasi ikiwa imeshafika mita moja juu ya ardhi.

Mbona basi tusitumie upepo mtupu? Kwa sababu ni mwepesi mno. Lita moja na nusu ya hewa kwa paundi 60 haifiki gramu 10. Inatoka kwa kasi kubwa, zaidi ya mita 300 kwa sekunde, lakini gramu chache zikizidishwa kwa kasi hiyo hazifiki mbali. Nusu kilo ya maji inatoka kwa mita 28 tu kwa sekunde mwanzoni, yaani zaidi kidogo ya kilomita 100 kwa saa, na bado inasukuma mara kadhaa zaidi, kwa kuwa uzito umeongezeka mara nyingi kuliko kasi ilivyopungua.

Kasi hiyo ya maji unaipata kwa kipeuo cha pili: zidisha presha kwa mbili, gawanya kwa densiti ya maji, kisha tafuta kipeuo. Kumbe ukiongeza presha mara mbili, kasi ya maji haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara 1.4 tu. Kwa paundi 30 maji yanatoka kwa mita 20 kwa sekunde, kwa paundi 60 yanatoka kwa mita 28 na ushei. Anayedhani akijaza upepo maradufu roketi itapanda maradufu ajue mapema kwamba anakaribia kuipasua chupa kuliko anavyoukaribia ushindi.

Msukumo wenyewe una kanuni fupi zaidi: presha mara eneo la mdomo wa chupa, mara mbili. Mdomo wa chupa ya soda una upana wa milimita 21 hadi 22, na kwa paundi 60 unapata karibu nyutoni 300. Hiyo ni nguvu ya kubeba kilo 30, nawe unaielekeza kwenye kitu cha gramu 600. Roketi inaondoka kwa mchapuko unaokaribia mara 50 ya ule wa mvutano wa dunia, na maji yote yanaisha ndani ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana hukuona chochote zaidi ya mpasuko wa maji na watu waliolowa.

Angalia pia kwamba densiti haimo kwenye kanuni ya msukumo. Wanaosisitiza kutia chumvi, au kuchota maji ya bahari pale Tanga badala ya maji ya bomba, msukumo wao ni ule ule. Maji mazito yanatoka polepole zaidi, kiasi cha kufuta kabisa faida ya uzito wake. Kuhusu chumvi sina zaidi la kusema.

Maji kiasi gani

Hapa kuna ubishi mwingi kuliko unaostahili. Mmoja anaapa kwa robo, mwingine kwa theluthi, wa tatu anajaza nusu kwa sababu anaona chupa yenye maji mengi inatoa mchirizi mzuri. Hizi ni hesabu za mezani kwa chupa ya lita 1.5 yenye upana wa sentimita 9, roketi tupu ya gramu 100, upepo wa paundi 60. Uwanjani namba zitapungua kidogo, kwa kuwa hakuna roketi ya nyumbani inayopaa wima kabisa, lakini mpangilio wake hautabadilika.

| Maji | Presha iliyobaki maji yakiisha | Kasi ya juu kabisa | Kimo |
|---|---|---|---|
| hakuna | – | 20 m/s | karibu mita 15 |
| 300 ml | paundi 40 | 49 m/s | karibu mita 50 |
| 500 ml | paundi 28 | 51 m/s | mita 50 na kitu |
| 750 ml | paundi 14 | 41 m/s | karibu mita 40 |
| 1000 ml | paundi 1 | 23 m/s | karibu mita 20 |

Tazama safu ya 300 na ya 500. Hakuna tofauti ya maana. Kilele cha mlima huu ni bapa, kwa hiyo anayetia robo na anayetia theluthi wote wako sawa, na ubishi wao uishe. Mimi huchagua theluthi darasani kwa sababu moja ya kawaida tu: wanafunzi wanaona maji, na ni rahisi kuweka alama ya kalamu kwenye chupa. Anayefukuza kimo kwa roketi nyepesi sana aelekee robo.

Kosa la kweli ni kuvuka nusu. Kila mililita ya maji unayoongeza inachukua nafasi ya upepo, na upepo ndio akiba. Kwenye lita moja ya maji, upepo wa nusu lita uliobaki unatanuka mpaka unaishiwa nguvu kabisa maji yanapomalizika; kipande cha mwisho kinatoka kama bomba lililokatiwa maji. Ukitia mililita 1200 mambo ni mabaya zaidi: presha inaisha huku nusu lita bado imo ndani, na roketi inayabeba maji hayo kama abiria asiyelipa nauli.

Ukiiokota chupa mara tu inapotua, iinue uitazame kwenye mwanga. Ndani kuna ukungu mweupe, na ukiigusa kwa kiganja unahisi ubaridi kidogo. Hewa iliyotanuka ghafla imepoa, na mvuke uliokuwamo umegeuka matone madogo. Kwa hiyo upepo unaishiwa presha haraka kuliko ile kanuni rahisi ya Boyle (ujazo ukiwa maradufu, presha inakuwa nusu) inavyosema, kwa kuwa haukupewa muda wa kupokea joto kutoka nje. Jedwali la hapo juu limezingatia hilo. Na kinyume chake pia ni kweli. Ukijaza upepo kwa pupa, hewa inapata joto, geji inasoma 60, kisha unaona mshale unashuka paundi moja au mbili hata bila uvujaji wowote. Subiri utulie ndipo ufyatue.

Kizibo au bomba

Hili ndilo chaguo lenye uzito kuliko mengine yote, na ndilo watu hulifanya bila kufikiri kwa sababu kizibo kipo nyumbani na bomba linahitaji safari ya dukani.

Kizibo ni hivi: raba ya maabara yenye tundu, au kizibo cha chupa ya mvinyo, unakitoboa kwa sindano ya kujazia mpira wa miguu. Sindano isipotokeza upande wa pili, unakikata kizibo kipungue urefu. Unatia maji, unakibana kizibo mdomoni, unaigeuza chupa kwenye kitu cha kuishikilia, unapampu. Upepo unapita ndani ya maji kwa mapovu, guluguluguu, na wakati fulani, bila taarifa, kizibo kinatoka na roketi imeondoka.

Tatizo liko kwenye maneno hayo, bila taarifa. Kizibo kinashikiliwa na msuguano tu. Kwa paundi 30 upepo unakisukuma kwa nguvu inayozidi nyutoni 70, sawa na kilo 7 zikining'inia hapo. Kikiwa kikavu na umekikandamiza kwa mwili mzima, kitavumilia. Kikiwa kimelowa, kitateleza mapema. Mrusho huu kikatoka kwa paundi 20, unaofuata kwa 35, nawe hukubadilisha chochote. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini roketi ya pili imepanda zaidi, jibu la kweli ni kwamba kizibo kilikuwa kikavu zaidi. Sasa hapo utafundisha nini kuhusu kiasi cha maji?

Jambo jingine: mpampuaji yuko karibu. Mrija wa pampu ya baiskeli ni mfupi, kwa hiyo mtu ameinama juu ya chupa yenye presha asiyojua itafyatuka saa ngapi. Atalowa, na kulowa ndiyo bahati njema.

Kwa upande wa pili kuna bomba. Unachukua bomba la plastiki la nusu inchi, lile linaloingia kwenye mdomo wa chupa bila kulegea sana. Nenda na chupa dukani ulijaribu kabla hujalipa, kwa kuwa mabomba yanayoitwa nusu inchi hayalingani upana. Nafasi inayobaki unaiziba kwa oringi, ile raba ya duara ya mafundi bomba, iliyokaa kwenye mfereji mdogo uliochongwa kwenye bomba. Kuzunguka bomba unapanga vile vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya, vichwa vyake vikitazama juu, ili vikamate ule mkunjo ulio chini ya kifuniko cha chupa. Juu ya vifungio unateremsha kipande cha bomba pana zaidi, kinavibana visifunguke. Kamba imefungwa kwenye kipande hicho. Unaivuta kamba, kipande kinashuka, vifungio vinaachia vyote kwa pamoja, roketi inaondoka.

Valvu ikate kwenye tyubu kuukuu ya pikipiki. Ile ina shina la chuma lenye nyuzi na nati, kwa hiyo inakazwa vizuri kwenye kifuniko cha mwisho wa bomba, na inakubali pampu yoyote ya gari yenye geji. Valvu ya baiskeli zetu nzito za kawaida ni ya aina nyingine, na nyingi ya pampu zenye geji haziishiki.

Kwa mpangilio huu unachagua presha badala ya kuipokea. Unasimama mbali, kamba ya mita 5 na mrija wa kutosha. Ukitaka darasa libadilishe maji peke yake na presha ibaki 40, inabaki 40. Ukitaka libadilishe presha na maji yabaki, sawa. Kipimapembe chenye uzi na kijiwe, mwanafunzi akisimama mita 50 kutoka kwenye bomba, kinatoa kimo: akiona pembe ya nyuzi 45 pale roketi inapogeuka, basi ilikuwa mita 50 juu ya usawa wa macho yake. Kwa kizibo vipimo hivyo ni mapambo tu.

Kuna zawadi nyingine ambayo bomba linatoa bila kuombwa. Likiwa refu, tuseme sentimita 25 zinazoingia ndani ya chupa mpaka juu ya usawa wa maji, roketi inaanza safari kwa kuteleza juu ya bomba kama pistoni. Katika kipande hicho chote hakuna tone linalotoka. Upepo unaisukuma chupa ikijitegemea kwenye bomba. Nguvu ni nusu ya ile ya maji, nyutoni 150 hivi, lakini ikifika mwisho wa bomba roketi ina kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde huku maji yote bado yamo ndani. Na kwa kuwa ina kasi tayari, mapezi, vile vibawa vya nyuma vya kuinyoosha, yanashika hewa tangu mwanzo na haiyumbi. Kasoro yake ni usumbufu wa kutia: chupa inasimama wima na maji yake, unalishusha bomba ndani, unabana kifyatuo, ndipo unavipindua vyote pamoja.

Msimamo wangu ni huu. Kama ni alasiri moja na watoto, na hutarudia, tumia kizibo na ufurahi. Kama utarusha zaidi ya mara chache, au kuna mtu anaandika namba kwenye daftari, tengeneza bomba kwanza kabla hata hujafikiria roketi. Roketi zitapasuka, zitapotea juu ya miti, zitakanyagwa, bomba litadumu.

Mdomo mzima au kifuniko kilichotobolewa

Wengine hutoboa kifuniko cha chupa tundu la milimita 9 na kurushia kwenye kiungo cha mpira wa bustani. Eneo linapungua hadi karibu sehemu moja ya sita, na msukumo vilevile: kutoka nyutoni 300 hadi 50 na kitu. Maji yanachukua muda mara sita hivi kuisha.

Kimo hakitofautiani sana, kwa kuwa nishati ni ile ile. Tofauti iko kwenye namna ya kuondoka. Mdomo mzima ni teke. Tundu dogo ni msukumo unaouona kwa macho, mkia wa maji unafuata roketi mita kadhaa, na watazamaji hupenda hivyo. Roketi yenye mzigo ndani, yai la mashindano kwa mfano, ipewe tundu dogo, kwa sababu mchapuko wa mara 50 hung'oa mapezi na kukunja pua. Roketi nyepesi isiyobeba mzigo wa namna hiyo, mdomo mzima. Na siku ya upepo mkali usitumie tundu dogo. Roketi inakuwa polepole mwanzoni, upepo unaigeuza kabla mapezi hayajashika kazi.

Chupa

Soda dhidi ya maji ya kunywa: soda, bila mjadala. Soda yenyewe ikiwa kwenye joto la kawaida inakaa na presha inayokaribia paundi 55, kwa hiyo chupa yake imeundwa kuvumilia hilo na ziada. Utaitambua kwa kitako chenye vidole vitano. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, ina mikunjo ubavuni, inavimba ovyo, na mara nyingi shingo yake haiingiani na bomba ulilotengeneza. Ya kioo au ya bati isiguswe kabisa.

Ukubwa ndio unaohitaji kufikiri kidogo. Chupa za soda za mililita 500, lita 1.5 na lita 2 kwa kawaida zina mdomo wa upana mmoja. Hilo ni jema, bomba moja linatosha zote. Lakini rudi kwenye kanuni ya msukumo: presha na eneo la mdomo tu, ukubwa wa chupa haumo. Maana yake kachupa ka nusu lita, kenye maji na mapezi kakiwa na gramu 220 hivi, kanapigwa na nyutoni 300 zile zile. Mchapuko wake unazidi mara 100 ya mvutano wa dunia. Mapezi yaliyobandikwa kwa selotepu hubaki chini yakiitazama roketi ikienda. Faida yake ni kwamba inajaa upepo kwa theluthi ya kazi, kwa hiyo kwa darasa kubwa ambapo kila kikundi kinataka zamu yake, nusu lita kwa paundi 30 au 40 inapunguza foleni na jasho.

Kubwa ya lita 2 inavutia macho kuliko inavyolipa. Ukilinganisha na ya lita 1.5, ujazo umeongezeka kwa theluthi, lakini upana umetoka sentimita 9 hadi 11 hivi, na eneo linalokabiliana na hewa limeongezeka kwa karibu nusu. Ukinzani wa hewa si jambo dogo hapa. Roketi yetu ya gramu 100 ikienda kwa mita 25 kwa sekunde, hewa inairudisha nyuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake wote. Kwa mita 50 ni mara nne ya hapo. Bila hewa, ile ya mita 50 ingepanda zaidi ya mita 120. Tena ukuta wa chupa pana unavutwa zaidi kwa presha ile ile, kwa hiyo lita 2 ndiyo ya kwanza kuchoka.

Wanaotaka kwenda mbali huongeza urefu, hawaongezi upana. Kuna wakati lakini chupa inafika mwisho wake. Wale wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliofikisha mita 830 mwaka 2015 hawakurusha chupa ya soda. Roketi yao ilikuwa ya nyuzi za kaboni, na presha yao haikutoka kwenye pampu ya baiskeli.

Mapezi na pua

Matatu au manne, yoyote. Matatu ni mepesi na yana ukinzani mdogo, manne ni rahisi kuyapanga kwa macho. Kilicho muhimu ni yakae nyuma karibu na mdomo wa chupa, yawe ya kitu kisicholowa (jalada la faili la plastiki ni zuri, boksi la karatasi hulegea baada ya mrusho mmoja), na pua iwe na uzito. Gramu 30 hadi 50 za udongo wa mfinyanzi puani zinavuta kitovu cha uzito mbele. Watu huogopa kuongeza uzito, lakini roketi nyepesi kupita kiasi inasimamishwa na hewa upesi.

Jaribio lake ni la kamba. Funga kamba pale roketi tupu inapolala sawa bila kuinama, izungushe juu ya kichwa. Pua ikitangulia, iko tayari. Ikienda kinyumenyume au ubavu, ongeza udongo puani au kuza mapezi, rudia.

Usibandike kwa gundi ya moto wala usiache chupa juu ya bati la jua kali. Plastiki hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 70 na kitu, na sehemu iliyolainika ndiyo itakayopasuka.

Kupima chupa kabla ya kuirusha

Kuna njia mbili za kujua kama chupa inavumilia presha. Ya kwanza ni kuijaza upepo na kusubiri. Ya pili ni kuijaza maji mpaka pomoni, bila nafasi ya hewa, kisha kuipampu hadi juu kidogo ya presha utakayotumia. Tumia ya pili daima. Lita moja ya upepo kwa paundi 60 ina nishati ya kuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi usawa wa magoti. Chupa ikipasuka hiyo yote inatoka mara moja, na vipande vyake. Chupa iliyojaa maji ikipasuka inachanika tu na kumwaga, kwa sababu maji hayakuweka akiba. Yenye mkwaruzo mrefu au mkunjo mweupe kwenye bega itupe hata kama imefaulu.

Parachuti au bila

Roketi ya gramu 100 ikidondoka kichwa chini inakaribia mita 25 kwa sekunde, karibu kilomita 90 kwa saa, na pua yake ina udongo. Chini ya paundi 40, kwenye uwanja wa mpira ulio wazi, pua ya sponji nene na watu wakiwa nyuma ya mrushaji inatosha, na inakuokoa na usumbufu wa parachuti, ambayo katika roketi za nyumbani hukataa kufunguka mara nyingi tu. Kuanzia paundi 40 kwenda juu mimi sirushi bila hiyo.

Zamani kila mtu angesema kata mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na kusema kweli kitambaa cha mwavuli mbovu ni bora zaidi, hakinati kikilowa. Ukubwa wake ndio chaguo la mwisho. Duara la sentimita 40 linaishusha roketi ya gramu 100 kwa karibu mita 4 kwa sekunde, polepole na kwa usalama. Lakini kutoka mita 50 hiyo ni safari ya sekunde 12 angani. Kwa wanaorushia Pwani wakati wa kusi, upepo wa mita 5 tu kwa sekunde utakuwa umeibeba mita 60 kutoka pale ulipo, pengine juu ya bati la jirani. Kwa sentimita 30 inatua kwa mita 5 na nusu kwa sekunde, inagonga kidogo zaidi, inapelekwa mita 45. Kusi ikivuma, chukua ya sentimita 30, na simamisha bomba upande wa uwanja unakotokea upepo.